Bahari Ikilala Shwari: Mwongozo Kamili wa Kutumia Injini Kutoka Mombasa hadi Mahé Bila Kuishiwa Dizeli

Maleleji ya Novemba yakifika, kusi imekwisha nguvu na kaskazi bado haijashika. Huo ndio wakati ambao boti nyingi za matanga hutoka Mombasa kwenda Shelisheli, na ndio wakati ninaopokea malalamiko yaleyale. Dizeli imekwisha katikati ya bahari. Injini imezima usiku wa manane, filta imejaa tope. Tanga kuu limechanika na upepo wenyewe haukuwapo.

Mzizi wa yote ni mmoja: injini inawashwa kwa hasira, inaendeshwa kwa kasi, na hesabu haikupigwa kabla ya kung'oa nanga. Umbali wa Mombasa hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni kama maili 950 za bahari. Boti ya kawaida ya futi 40 haiwezi kubeba dizeli ya kukata umbali huo wote kwa starehe. Injini yako ina kazi moja tu: kukutoa penye shwari na kukufikisha penye upepo.

Mifano yote hapa ni ya boti ya futi 38 hadi 42 yenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 30 hadi 40. Boti yako ikiwa ndogo au kubwa zaidi, tarakimu zitabadilika, lakini njia ya kuzipata ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Dizeli: tangi lililojaa, pamoja na madumu ya lita 20. Nitachukua mfano wa tangi la lita 200 na madumu sita, jumla lita 320.
- Faneli yenye chujio la kuzuia maji, na mpira wa kunyonyea mafuta wenye vali ya kutikisa, ili mtu asinyonye dizeli kwa mdomo.
- Filta za mwanzo (zilizo kati ya tangi na injini) zisizopungua sita na filta za injini zisizopungua tatu.
- Impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji) mbili za pampu ya maji ya bahari pamoja na gasketi zake.
- Mkanda wa alteneta wa akiba, oili ya kubadilisha mara moja na ya kuongeza, kulanti (maji ya kupozea injini).
- Spana zinazoingia kwenye skrubu za kutolea hewa. Zijaribu bandarini, usidhani tu.
- Fimbo ya kupimia kina cha mafuta ndani ya tangi, kwa sababu geji ya tangi hudanganya boti ikiyumba.
- Miwani ya kuzamia, kisu chenye meno, na kamba ya kumfunga mzamiaji.
- Kengele ya gesi ya kaboni monoksidi ndani ya chumba cha kulala.
- Daftari la injini na kalamu.

Dumu moja lililojaa lina uzito wa karibu kilo 17. Madumu sita ni kilo mia moja, kwa hiyo yafunge chini na katikati ya boti. Yakiwekwa omoni (mbele) au tezini (nyuma), boti itainamia upande huo na kupoteza mwendo uleule ulionunulia mafuta.

## Hatua ya 1: Pima ulaji wa injini yako

Usitegemee kitabu cha injini. Kitabu hakijui kama rafadha yako, yaani panga linalosukuma boti, ni safi wala boti yako imepakia nini.

Chagua asubuhi tulivu. Jaza tangi mpaka alama unayoweza kuirudia. Endesha saa mbili kamili kwa kasi moja ya mzunguko wa injini, tuseme 1,800 kwa dakika, ukienda na kurudi ili mkondo ujifute. Rudi, jaza tena mpaka alama ileile, andika lita zilizoingia. Siku nyingine rudia kwa 2,000, kisha kwa 2,400.

Utakachokiona kitakushangaza. Nguvu inayohitajika kuisukuma boti nzito hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe, takriban kwa kipeo cha tatu. Boti inayokula lita 2 kwa saa ikienda noti 5 (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa), itakula karibu lita 3.5 ikienda noti 6, na kama lita 1.5 tu ikienda noti 4.5.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye mistari mitatu: mzunguko, noti, lita kwa saa. Ibandike karibu na usukani.

## Hatua ya 2: Piga hesabu na ugawe dizeli

Hapa ndipo safari inapookolewa au kupotea, kwa hiyo nenda nami taratibu.

Katika lita 320, toa lita 20 zilizo chini ya tangi ambazo bomba haliwezi kuzifyonza, au likizifyonza huvuta na uchafu. Toa lita nyingine 60 za akiba. Akiba hiyo ni ya kuingilia bandarini, kumkimbiza mgonjwa, kuepa meli na kukwepa miamba. Haiguswi kwa sababu ya kuchoka. Zimebaki lita 240 za kutumia.

Sasa tuone lita 240 zinakupeleka wapi.

Kwa noti 6, zinakwisha baada ya saa 68 na zimekupa maili 411. Kwa noti 5, zinadumu saa 120 na kukupa maili 600. Kwa noti 4.5, zinadumu saa 160 na kukupa maili 720.

Maili zilizobaki utazikata kwa matanga. Tuseme upepo ni wa wastani na matanga yanakupa noti 3.5. Aliyekimbia noti 6 ana maili 539 za kusafiri kwa upepo, na safari yake yote inachukua saa 222. Aliyekwenda noti 5 ana maili 350, na safari yake ni saa 220. Aliyejivuta kwa noti 4.5 anatumia saa 226. Wote watatu wanafika karibu wakati mmoja.

Upepo ukiwa mbovu zaidi, matanga yakatoa noti 2 tu, wa noti 6 anafika baada ya saa 338, wa noti 5 saa 295, na wa noti 4.5 saa 275. Mwenye haraka anachelewa zaidi ya siku mbili na nusu nyuma ya mwenye subira, na kwa muda wote huo hana dizeli ila ile ya akiba.

Nasisitiza hesabu hii kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mtu akisikia injini inanguruma kwa nguvu huamini anafika mapema. Kwa lita zilezile, hafiki mapema.

Andika daftarini kiwango cha kupimia: ukifika nusu ya njia, yaani maili 475, ni lazima ziwe zimebaki angalau lita 120 za kutumia pamoja na zile 60 za akiba. Zikiwa pungufu, injini inakaa kimya hadi utakapolipa deni kwa matanga.

## Hatua ya 3: Hakikisha dizeli ni safi

Dizeli chafu haikusumbui ukiwa umetia nanga, kwa sababu uchafu umelala chini ya tangi. Mawimbi ya bahari kuu yanauamsha, filta inaziba, injini inazima.

Fungua koki ya chini ya tangi, toa lita moja kwenye chupa ya kioo, iache nusu saa. Maji yatatua chini na utayaona kwa mstari. Ukiona utando mweusi wenye kuteleza, hiyo ni kuvu inayoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Tangi hilo lioshwe kabla ya safari. Dawa pekee haitoshi, kwa sababu inaua kuvu na kuuacha mzoga wake uende kwenye filta.

Kila lita inayoingia botini ipite kwenye faneli yenye chujio, hata kama umenunua kwenye kituo kikubwa.

## Hatua ya 4: Weka sheria ya kuwasha na sheria ya kuzima

Mkubaliane mkiwa bandarini, muandike, kila mwenye zamu aisome. Uamuzi unaofanywa saa nane usiku na mtu aliyechoshwa na matanga yanayopigapiga si uamuzi wa kutegemea.

Washa ikiwa mambo mawili yametimia kwa pamoja: wastani wa mwendo kwa saa nne zilizopita ni chini ya noti 3, na utabiri hauonyeshi upepo kufika ndani ya saa sita zijazo.

Zima injini upepo ukishika noti 8 kwa nusu saa na matanga peke yake yanatoa noti 4.

Sheria ya pili ndiyo inayovunjwa sana. Injini ikishazoeleka, watu hulala na kelele yake, na upepo mzuri hupita bila kutumiwa. Kwa noti 5 unachoma karibu lita 48 kwa siku. Saa sita za uzembe ni lita 12, zaidi ya nusu dumu.

## Hatua ya 5: Elekea upepo, na utumie mkondo

Shwari ya maleleji haiko sawa kila mahali. Pakua utabiri wa upepo kwa simu ya setilaiti kila asubuhi na jioni, na linganisha modeli mbili za utabiri. Zikikubaliana, amini. Zikipingana, tazama mawingu yako na usiichome dizeli kwa ajili ya ramani.

Chukua mfano: utabiri unaonyesha upepo wa noti 10 maili 80 kutoka ulipo, digrii 45 kando ya njia yako. Kufika huko ni saa 16 na lita 32. Katika maili hizo 80, kama 57 zinakusogeza Mahé, kwa hiyo umepoteza maili 23 tu. Upepo huo ukidumu siku moja, umerudisha hasara na faida juu yake. Ukitabiriwa kudumu saa sita, usijisumbue.

Mkondo nao una hesabu yake. Ukitoka Kilindini, mkondo wa pwani yetu unakusukuma kaskazini. Usipigane nao kwa kugeuza omo kusini na kuongeza moto. Kata moja kwa moja kuelekea mashariki utoke ndani yake. Kadiri kaskazi inavyoshika, mkondo huo hukutana na ule unaoshuka kutoka Somalia, na maji yote hugeuka kwenda mashariki, kusini kidogo ya ikweta. Huo ni msafara wa bure. Ukiona GPS inasoma noti 5.5 na kipima mwendo cha majini kinasoma 4.5, umo ndani yake: punguza mzunguko, usiongeze.

Kabla ya kuondoka, jiandikishe pia kwa UKMTO, ofisi inayopokea taarifa za vyombo katika bahari hii, na utume taarifa zako safarini. Bahari ya upande wa Somalia si mahali pa kutangatanga kwa kutafuta upepo kaskazini mno.

## Hatua ya 6: Endesha injini na tanga kwa pamoja

Upepo ukiwa noti 5 au 6 kutoka ubavuni, usishushe kila kitu. Weka injini kwa mzunguko mdogo, vuta matanga. Mwendo wa boti wenyewe unaongeza upepo unaofika kwenye tanga, nalo linaanza kusukuma. Mara nyingi utapata noti 5 kwa mzunguko ambao peke yake ungekupa noti 4.

Upepo ukifa kabisa, kunja tanga la mbele. Tanga kuu libaki, likiwa limekunjwa fundo moja au mbili, demani (kamba ya kulivutia tanga) imekazwa katikati, na boriti yake imefungwa isitembee. Kazi yake sasa ni kupunguza kuyumba. Tanga linalopigapiga kwenye shwari huchakaa haraka kuliko linalofanya kazi kwenye upepo mzuri, na ndivyo mishono inavyofumuka pasipo dhoruba.

Angalizo: boti isilale zaidi ya digrii 15 injini ikiwa inazunguka. Ikilala sana, pampu ya oili inaweza kuvuta hewa, na mdomo wa maji ya bahari ukatoka majini.

Pia, injini ya dizeli haipendi kuzunguka polepole siku nzima bila mzigo. Masizi hujikusanya kwenye nozeli na ekzosi. Kila baada ya saa sita, ipandishe hadi karibu asilimia 80 ya nguvu kwa dakika kumi. Moshi mweusi kidogo mwanzoni ni wa kawaida. Ukisafika, rudi kwenye mwendo wako.

## Hatua ya 7: Ukaguzi wa kila saa na wa kila siku

Kila saa, mwenye zamu aangalie mambo manne na kuyaandika: maji yanatoka kwenye ekzosi kwa wingi uleule, joto la injini, shinikizo la oili, na ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) ni kavu. Kuandika ndiko kunakookoa. Joto likipanda kutoka 80 hadi 84 kisha 88 ndani ya saa tatu, hakuna kengele itakayolia bado, lakini daftari limeshakuambia kwamba chujio la maji lina mwani au impela inaanza kukatika.

Maji ya ekzosi yakikatika ghafla, zima papo hapo. Pengine ni mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa maji.

Kila siku, zima injini kwa nusu saa. Iache kwanza izunguke bila gia kwa dakika tano ipoe. Kisha pima oili na kulanti, bonyeza mkanda, pangusa chini ya injini na karatasi nyeupe utafute tone jipya, tumbukiza fimbo ya tangi. Fimbo na daftari vikitofautiana kwa zaidi ya lita 10, tafuta sababu siku hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Hamisha dizeli mapema

Usingoje tangi likauke. Zikishatoka lita 50 tangini, hamisha madumu mawili, alfajiri, bahari ikiwa imelala. Ukingoja, utajikuta unamimina dizeli kwenye sitaha inayoruka, maji ya chumvi yakiingia tangini.

Weka matambara kuzunguka mdomo wa tangi. Dizeli iliyomwagika sitahani inatelezesha vibaya, na aliyeanguka baharini kwenye shwari naye anaweza kupotea.

## Hatua ya 9: Usiku

Injini ikisukuma, chombo chako kinahesabiwa kuwa cha injini hata kama matanga yote yako juu. Hivyo ndivyo zinavyosema kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano baharini. Washa taa nyeupe ya mbele ya mlingoti, taa za ubavuni na ya tezini. Zima taa ya rangi tatu ya kileleni. Mchana, ning'iniza pia alama nyeusi ya umbo la koni, ncha ikitazama chini. Meli ikikuona na taa za matanga itakutarajia ufanye mambo usiyopaswa kuyafanya.

Upepo mwepesi ukitoka nyuma, moshi wa ekzosi hurudi botini. Funga madirisha na milango ya tezini, na kengele ya kaboni monoksidi iwe hai. Gesi hiyo haina harufu, na wanaolala ndio wa kwanza kudhurika.

Wingu jeusi lenye mvua likionekana kwenye rada au kwa umeme wake, kunja tanga kabla halijafika. Likileta upepo wa kweli, zima injini uutumie.

## Hatua ya 10: Injini ikizima yenyewe

Mara nyingi ni filta. Funga koki ya tangi, badilisha filta ya mwanzo, ijaze dizeli safi, fungua koki. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta ya injini, piga pampu ya mkono hadi mapovu yaishe na dizeli itoke safi, kaza. Kisha washa.

Ikikataa kuwaka na unaendelea kujaribu, funga koki ya maji ya bahari. Kila unapozungusha stata, pampu inasukuma maji kwenye ekzosi, na bila moshi wa kuyatoa yanaweza kurudi hadi ndani ya silinda. Mara injini inapowaka, fungua koki hiyo bila kukawia. Mpe mtu mmoja kazi hiyo peke yake.

Injini ikizima kwa kishindo, au boti ikitetemeka ghafla, shuku rafadha. Karibu na Shelisheli kuna maboya mengi ya kuelea yanayotumiwa na meli za kuvua jodari, nayo huburuta nyavu na kamba ndefu. Zima injini na utoe ufunguo. Chungulia kwanza kwa miwani ukiwa kwenye ngazi. Akizama mtu, awe amefungwa kamba, mwingine akimtazama, na bahari iwe imetulia. Boti inayopanda na kushuka inaweza kumvunja kichwa. Bahari ikichafuka, safiri kwa matanga hadi itulie. Kwa nini kuharakisha? Wewe una matanga.

## Hatua ya 11: Kuikaribia Mahé

Unapofika longitudo 53 mashariki, hakikisha uko kaskazini ya African Banks, visiwa vya mwisho vya kaskazini vya funguvisiwa la Amirantes, vilivyo karibu na latitudo 4°53' kusini. Ni vya chini sana na usiku havionekani. Hapa ndipo sehemu ya zile lita 60 inapofaa: ukiwa na shwari na mkondo usioeleweka, washa injini, jitenge navyo kwa maili 20.

Saa chache kabla ya kuingia, safisha chujio la maji, badilisha filta ya mwanzo hata kama haijaziba, na jaribu gia ya mbele na ya nyuma. Pandisha bendera ya njano, ita bandari ya Victoria kwa redio kwenye chaneli 16, na usishushe mtu hadi uruhusiwe.

Ukishatia nanga, tumbukiza fimbo tangini kabla hujanunua dizeli. Ukikuta lita 60 au zaidi zinazofyonzeka, hesabu yako ilikuwa sawa. Andika jumla ya saa, lita na maili, kisha sahihisha ile karatasi iliyo karibu na usukani kwa tarakimu hizo mpya.